Hofu ya ghafla: kwa nini moyo huenda mbio pasipo hatari, na tiba ipi inapatikana Kampala?

Chukulia mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mzaliwa wa Bukavu, anayeishi Nsambya na kuuza vitenge katikati ya jiji la Kampala. Jioni moja ameketi kiti cha nyuma cha teksi ya abiria kumi na wanne inayosubiri kujaa ndani ya Old Taxi Park. Mlango umefungwa, na mbele yake watu wamebanana na mizigo yao. Ghafla moyo unaanza kwenda mbio. Kifua kinabana, vidole vinakufa ganzi, jasho jembamba linamtoka, na hewa yote ya garini inaonekana kama imekwisha. Kichwani linabaki wazo moja tu, kwamba anakufa. Anawapita abiria wenzake kwa kuwakanyaga miguu mpaka anafika mlangoni, anateremka, na kuketi kando ya njia akihema.

Anapakiwa kwenye bodaboda hadi kliniki ya jirani. Presha inapimwa, damu inaangaliwa kama ina malaria, kifua kinasikilizwa. Kufikia hapo moyo umekwisha kutulia. "Huna kitu," anaambiwa, na anarudi nyumbani na vidonge vya kutuliza maumivu. Wiki inayofuata jambo lile lile linamrudia, safari hii akiwa kanisani.

Mwanamke huyu ni wa mfano tu, lakini maneno aliyoambiwa yamewaponza wengi. Ana kitu. Kilichompata kinaitwa shambulio la hofu, na likirudi mara kwa mara, huku mtu akiishi kwa kuogopa lini litamjia tena, huwa ugonjwa unaotambulika hospitalini. Ugonjwa huo umo katika kundi la matatizo ya wasiwasi, ambayo Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria kuwa mwaka 2019 yaliwakumba watu milioni 301 duniani. Kwa mujibu wa shirika hilo hilo, ni kama mmoja tu kati ya kila wanne wanaohitaji matibabu ndiye anayeyapata. Jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba haya ni miongoni mwa matatizo ya akili yanayotibika vizuri.

Kengele inayolia pasipo moto

Mwili wa binadamu umeumbwa na kengele ya hatari. Mtu akikutana na nyoka njiani, ubongo hauketi kutafakari. Homoni ya adrenalini humwagwa katika damu, moyo husukuma damu kwa nguvu kuelekea kwenye misuli ya miguu na mikono, pumzi huongezeka, jasho hutoka ili kupoza mwili. Yote hayo ni matayarisho ya kupigana au kukimbia, na ni matayarisho mema.

Katika shambulio la hofu, kengele hiyo hulia pasipo nyoka. Mtu hupumua haraka kuliko mahitaji ya mwili wake, na kwa kuwa hakimbii popote, kiwango cha kaboni dioksidi katika damu hushuka. Kushuka huko ndiko kunakoleta ganzi ya vidole na midomo, kizunguzungu, na ile hali ya kuona mambo kama ndoto. Kinyume na anavyohisi mgonjwa, hewa haijapungua mwilini mwake. Anavuta hewa kupita kiasi.

Shambulio hufikia kilele ndani ya dakika chache, kwa kawaida zisizozidi kumi, kisha hushuka lenyewe kwa sababu mwili hauwezi kudumu katika hali hiyo. Halisimamishi moyo wenye afya wala haligeuki kuwa wazimu. Maelezo haya mafupi, yakitolewa kwa upole na mhudumu mwenye subira, tayari ni sehemu ya tiba, na ndiyo yaliyokosekana katika ile kliniki ya karibu na stendi.

Wasiwasi wa kudumu ni ndugu wa shambulio la hofu, ila una sura nyingine. Huo hauji kwa kishindo. Mtu hukaa miezi kadhaa, karibu kila siku, akihangaikia kodi ya nyumba, watoto, karatasi za ukimbizi, afya ya mama aliyebaki Goma; usingizi unakatika, shingo na mabega yanakaza, tumbo linasokota, na hata siku ambayo hakuna tatizo jipya moyo hautulii. Wengine huwa na vyote viwili.

Kabla ya yote, mwili uchunguzwe

Hakuna daktari makini atakayetamka neno "wasiwasi" kabla ya kuutazama mwili. Tezi la shingo linalofanya kazi kupita kiasi huleta mapigo ya kasi, jasho na mikono inayotetemeka. Upungufu wa damu, sukari iliyoshuka na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio huweza kufanana kabisa na hofu. Dawa ya kuvuta ya pumu huharakisha moyo. Kahawa nyingi na vinywaji vya kuongeza nguvu, vinavyouzwa kila kona ya Kampala, hufanya vivyo hivyo, na kadhalika majani ya mairungi, ambayo ng'ambo ya mpaka Wakenya huyaita miraa. Mnywaji wa waragi wa kila siku akiacha ghafla, anaweza kupata mtetemeko na hofu kali kwa sababu mwili unaidai pombe, na huyo anahitaji hospitali upesi.

Vilevile, maumivu ya kifua yanayosambaa hadi mkononi au kwenye taya, yanayokuja mtu akipanda ngazi au kubeba mzigo, hasa kwa aliyevuka miaka arobaini, yasichukuliwe kuwa hofu mpaka daktari aseme hivyo.

Lakini uchunguzi nao una mpaka wake. Mtu aliyepimwa vizuri mara moja na kukutwa mzima, kisha akazunguka kliniki nne zaidi akitafuta kipimo kikubwa kuliko cha jana, hapati uhakika anaoutafuta. Utulivu wa kila cheti kipya hudumu siku mbili tatu, halafu swali linarudi, na mtaji wa vitenge umeishia maabara.

Presha, tansio, roho

Lugha nayo ni sehemu ya tatizo, hususan kwa msemaji wa Kiswahili katika jiji ambalo wahudumu wengi wa afya huzungumza Kiganda na Kiingereza. Mgonjwa kutoka Kivu husema "roho inanipiga". Kwake yeye roho ni huo moyo wa kifuani, lakini mkalimani aliyejifunza Kiswahili cha shuleni anaweza kuitafsiri kama nafsi, na mazungumzo yakahamia kwenye mambo ya imani. Akisema ana "tansio", anamaanisha kile ambacho Mkenya na Mganda hukiita presha, na kumbe hata hiyo presha mara nyingi si kipimo cha damu bali ni njia ya heshima ya kusema: nimezidiwa. Mhudumu humfunga kifaa mkononi, anasoma tarakimu nzuri, na kumruhusu aondoke.

Wenyeji nao hawako mbali na hali hiyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere waliochunguza mtazamo wa Baganda kuhusu sonona, yaani huzuni iliyokithiri, walikuta inaelezwa kuwa ni ugonjwa wa mawazo, na si ugonjwa wa hisia. Nchini Zimbabwe, Washona wana neno kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Msemaji wa Kiswahili anapolalamika kuwa "mawazo yamenizidi" yumo katika ukoo huo huo. Neno si baya, ila linaificha hofu. Mtu anayetaka kusaidiwa afadhali aeleze kinachotokea kuliko kutaja jina la ugonjwa: moyo unaenda mbio, nashindwa kupumua, naona nakufa, inachukua robo saa, imenijia mara tano mwezi huu, na sasa sipandi tena teksi.

Hilo la mwisho, la teksi, ndilo muhimu kuliko yote.

Kukimbia ndiko kunakoilisha hofu

Mwanamke wa Nsambya alipoteremka garini, hofu ilipungua. Ubongo wake ukajifunza somo moja, nalo ni la uongo: kwamba gari lilikuwa hatari na kuteremka ndiko kulikomwokoa. Ukweli ni kwamba hofu ingeshuka hata kama angebaki. Lakini kwa kuwa hakubaki, hakupata nafasi ya kuliona hilo. Kesho yake anaamua kutembea kwa miguu. Mwezi unaofuata haendi kanisani ila akae karibu na mlango. Baadaye hatoki nyumbani bila binti yake, na biashara inasimama. Hapo kilichomfunga si shambulio tena, bali zile njia za kulikwepa.

Mwaka 1986 David Clark, mwanasaikolojia wa Uingereza, alieleza mzunguko huu kwa namna ambayo bado inafundishwa: mtu huhisi badiliko dogo mwilini, hulifasiri kuwa ni kifo kinakuja, tafsiri hiyo huzidisha hofu, hofu huzidisha badiliko la mwili, na gurudumu linaendelea kuzunguka. Kabla yake, daktari Joseph Wolpe wa Johannesburg alikuwa ameonyesha, katika kitabu chake cha mwaka 1958, kwamba hofu inaweza kufifishwa kwa kumkaribisha mtu hatua kwa hatua kwenye kile anachokiogopa. Ni vyema kukumbuka kwamba sehemu ya elimu hii, ambayo mara nyingi huonekana kuwa ya Wazungu wa mbali, ilianzia Afrika Kusini.

Tiba ya mazungumzo inayoshughulikia fikra na tabia imejengwa juu ya misingi hiyo. Si ushauri nasaha wa kumwambia mtu ajikaze, wala si kusikilizwa tu. Mgonjwa na mtaalamu hukutana takriban mara moja kwa juma, kwa wiki kumi hivi au zaidi kidogo. Huanza kwa kuchora ule mzunguko kwa mifano ya mgonjwa mwenyewe. Kisha huja sehemu inayowashangaza wengi: mtaalamu humtaka mgonjwa azilete dalili kwa makusudi. Atapumua haraka kwa dakika moja, au atazunguka pale aliposimama mpaka apate kizunguzungu, au atapanda ngazi mbio mpaka moyo upige kwa nguvu. Zikija, hakimbii. Anakaa nazo, anaziona zikipanda, anaziona zikishuka. Mwili unajifunza kwa vitendo kile ambacho masikio yalishindwa kukiamini.

Baada ya hapo hupangwa ngazi ya mambo yanayokwepwa, kuanzia jepesi. Siku ya kwanza kusimama tu pembeni ya Taxi Park. Siku nyingine kuketi katika teksi iliyosimama, mlango wazi. Halafu kusafiri kituo kimoja kiti cha mbele, kisha vituo vitatu kiti cha nyuma, mwishoni safari nzima saa ya msongamano, peke yake. Kila ngazi hurudiwa mpaka ichoshe. Kuchoka huko ndiko kunakotafutwa, maana anayechoshwa na jambo hawezi kuliogopa sana.

Je, shambulio likija kabla mtu hajampata mtaalamu? Abaki pale alipo kama mahali ni salama. Apumue polepole, pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia. Ajikumbushe kuwa itapanda na itashuka. Anayemsaidia azungumze kwa sauti ya chini, asimkusanyie umati, asimmwagie maji wala kumfunika uso kwa mfuko.

Vidonge vya usingizi na vidonge vya subira

Wengi jijini hukutana na dawa kabla ya kukutana na mshauri. Mtu akilalamika kwenye duka la dawa kwamba halali na moyo unamwenda mbio, anaweza kutoka na karatasi yenye vidonge vichache vya diazepamu, ambayo tangu mwaka 1963 imefahamika duniani kwa jina la Valium. Kisheria inatakiwa cheti cha daktari. Dawa hii hufanya kazi ndani ya saa moja, na hapo ndipo penye mtego. Ikitumiwa kwa majuma, mwili huizoea na kudai zaidi. Mtu husinzia mchana, husahau, huanguka kutoka kwenye bodaboda. Akichanganya na pombe anaweza kuacha kupumua. Na kwa ugonjwa wa hofu ina kasoro nyingine isiyotajwa mara nyingi: humfundisha mtu kwamba aliyemwokoa ni kidonge, kama vile hapo awali alivyoamini kuwa aliyemwokoa ni mlango wa teksi. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2023 unaelekeza dawa za kundi hili zisitumike kuwatibu watu wazima wenye ugonjwa wa hofu au wasiwasi wa kudumu.

Tahadhari moja hapa ni ya lazima. Anayezitumia kila siku kwa muda mrefu asiziache ghafla baada ya kusoma haya, kwa kuwa kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege. Apunguze kidogo kidogo chini ya uangalizi wa daktari.

Dawa zinazopendekezwa na mwongozo huo ni za kundi jingine, zile zinazoifanya kemikali ya serotonini ikae zaidi kati ya neva za ubongo. Kundi hili lina fluoksetini, iliyotamba kwa jina la Prozac, na setralini, maarufu kama Zoloft. Zilitengenezwa kwa ajili ya sonona, lakini hutibu hofu pia. Historia ya ugunduzi wa aina hii ina kisa cha kuvutia. Mapema katika miaka ya 1960, daktari Donald Klein wa New York aliwapa wagonjwa wenye hofu dawa kongwe ya sonona iitwayo imipramini. Wagonjwa wenyewe walisema haiwasaidii. Wauguzi ndio waliogundua tofauti: wale wagonjwa walikuwa wameacha kukimbilia meza ya wauguzi mara kadhaa kwa siku wakilia kwamba wanakufa. Mwaka 1980 chama cha madaktari wa akili wa Marekani kiliutambua rasmi ugonjwa wa mashambulio ya hofu kuwa maradhi yanayojitegemea.

Dawa hizi zinahitaji subira. Nafuu huonekana baada ya wiki mbili hadi sita, na katika siku za mwanzo wasiwasi unaweza hata kuzidi, ndiyo maana daktari mzoefu huanza na kipimo kidogo. Kichefuchefu, maumivu ya kichwa na kupungua kwa hamu ya tendo la ndoa hutokea kwa baadhi. Vijana walio chini ya miaka 25 wanapaswa kufuatiliwa kwa karibu katika wiki za kwanza, kwani mawazo ya kujidhuru yanaweza kujitokeza. Mjamzito na anayenyonyesha azungumze na daktari kabla ya kuanza au kuacha. Zikifanya kazi, huendelezwa kwa miezi sita hadi kumi na miwili hivi baada ya nafuu, kisha hupunguzwa taratibu. Hazilevi, na hazimfanyi mtu azitamani kama diazepamu, ingawa kuziacha kwa ghafla huleta kizunguzungu na usumbufu.

Ipi bora kati ya dawa na mazungumzo? Zote mbili zina ushahidi thabiti. Mazungumzo yana faida moja: mtu akimaliza, stadi alizojifunza hubaki naye. Dawa zina faida ya kupatikana hata pale ambapo mtaalamu wa mazungumzo hayupo, na katika Uganda hapo ni pengi.

Wataalamu wachache, njia nyingine

Sensa ya mwaka 2024 ilihesabu watu karibu milioni 46 nchini Uganda. Madaktari bingwa wa magonjwa ya akili wanahesabiwa kwa makumi, na wengi wao wako Kampala na viunga vyake. Pengo hilo huzibwa kwa sehemu na maofisa tabibu wa afya ya akili waliosomeshwa hasa kwa kazi hiyo, na wauguzi. Lakini nchi hii pia imekuwa uwanja wa majaribio ya njia ambazo dunia nzima imezitazama.

Katika wilaya za Masaka na Rakai, vijiji 30 vilihusishwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003. Wanavijiji wenye sonona walikutana kwa vikundi kwa wiki 16, wakiongozwa na watu wa kawaida waliofunzwa kwa wiki mbili tu. Mwishoni, waliobaki na sonona katika vikundi vile walikuwa asilimia 6.5, ilhali katika vijiji ambavyo havikupata vikundi walikuwa asilimia 54.7. Shirika la StrongMinds, lililoanzishwa mwaka 2013, limeichukua njia hiyo na kuipeleka kwa wanawake wengi nchini. Profesa Etheldreda Nakimuli-Mpungu wa Makerere, aliyetajwa katika orodha ya BBC ya wanawake 100 ya mwaka 2020, amebuni vikundi vya namna yake kwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI.

Haya yote yalipimwa kwa sonona, na si haki kuyatangaza kuwa dawa ya mashambulio ya hofu. Yanaonyesha tu kwamba mtu asiye daktari, akifunzwa na kusimamiwa, anaweza kutoa tiba ya kweli. Kwa dhiki na wasiwasi kwa ujumla, ushahidi wa karibu zaidi unatoka kambi ya Rhino, kaskazini magharibi mwa Uganda, ambako wanawake 694 wakimbizi wa Sudan Kusini walishiriki katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020. Walioingizwa katika mpango ule walisikiliza mafunzo yaliyorekodiwa kwa Kiarabu cha Juba, katika vikao vitano vya makundi ya hadi watu 30, wakijifunza kutulia na kuyapa mawazo mazito nafasi bila kupigana nayo. Dhiki yao ilipungua kuliko ya wenzao ambao hawakupata mafunzo hayo. Huko Nairobi, utafiti mwingine wa mwaka 2017 uliwahusu wanawake 421, wengi wao waliowahi kufanyiwa ukatili, na vikao vitano na wahudumu wa afya wa jamii vilipunguza dhiki yao pia.

Lugha ilikuwa nguzo katika mafanikio hayo. Sauti iliyowafikia wanawake wa Rhino ilikuwa ya lugha wanayopikia na kugombania.

Pa kuanzia katika jiji la Kampala

Jina Butabika limekuwa tusi mitaani. Mtu akitaniwa husema wenzake wanataka kumpeleka Butabika. Hospitali hiyo ya taifa ya rufaa ya magonjwa ya akili, iliyofunguliwa mwaka 1955 mashariki mwa jiji, ndiyo yenye wataalamu wengi zaidi nchini, na ina kliniki ya wagonjwa wa nje ambako mtu huonwa na kurudi kwake siku hiyo hiyo. Anayeugua hofu halazwi wala hafungiwi, isipokuwa kama maisha yake yamo hatarini. Mulago nako kuna kitengo cha afya ya akili, na hospitali za rufaa za mikoa zina vitengo vyake. Ada katika vituo vya serikali ziliondolewa mwaka 2001, japokuwa dawa zikiisha stoo mgonjwa hujikuta akizinunua nje.

Si lazima kuanzia Butabika. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2018, iliyochukua nafasi ya ile yenye mizizi ya ukoloni, inamtambua mgonjwa anayejileta kwa hiari na inaitaka huduma hii itolewe pia katika ngazi ya afya ya msingi. Kituo cha afya cha karibu, kama kile cha Kisenyi, ni mlango halali wa kuingilia. Muulize mpokeaji kama yupo ofisa tabibu au muuguzi wa afya ya akili, na siku anazokuwepo. Kwa wakimbizi wa mjini, TPO Uganda ni shirika linalotoa msaada wa kisaikolojia, na InterAid huwaelekeza kwenye huduma. Chama cha Mental Health Uganda, kilichoundwa na watu waliougua wenyewe, huwa na ushauri wa simu.

Wengi watapita kwanza kwa mchungaji, shehe au mganga, na hakuna sababu ya kuwadharau. Dua humpa mtu watu wa kukaa naye. Tatizo huanza pale anapoambiwa aache dawa ili athibitishe imani, au anapotozwa fedha za kutoa pepo ambalo kwa hakika ni adrenalini.

Kwa msemaji wa Kiswahili, matayarisho ya siku ya kwanza ni haya: karatasi yenye tarehe za mashambulio, muda yaliochukua, mahali yalipotokea, majina ya dawa zote alizokwisha kumeza zikiwemo za mitishamba, na kiasi cha pombe, kahawa au mairungi. Serikali ya Uganda iliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, hata hivyo dirishani mambo hayajafuata, kwa hiyo apige simu mapema aulize kama yupo mhudumu anayekizungumza, au aende na mtu mzima anayemwamini.

Mtu huyo asiwe mtoto wake. Watoto wa wakimbizi hukipata Kiganda upesi, na ni kawaida kumwona binti wa miaka kumi na mmoja akimtafsiria mama yake hospitalini. Kwa homa au jeraha huenda haina neno. Hapa mama ataulizwa kama amewahi kutamani kufa, nini kilimpata njiani alipokuwa akikimbia vita, na nani alimfanyia. Mbele ya mtoto atajibu kwamba ni presha tu.